Marehemu wa Kiwandani

Teresina alishuka kwenye basi la Nimule asubuhi, gunia la unga wa muhogo kichwani na sufuria mbili mkononi, akakuta kreni inashusha kaburi kwenye kiwanja chake. Alikuwa ametoka Adjumani, Uganda, kwenye msiba wa shangazi yake. Akatua gunia, akafunga kitenge upya kiunoni, akauliza kaburi ni la nani. Dereva akajibu ni la Mheshimiwa Robinson, aliyelinunua ili kiwanja kiwe chake, na kwamba asogee kidogo, zege lisije likampondaponda vidole.

Pale Gumbo, pembeni mwa Juba, kila mtu anajua kwamba ardhi ni ya yule ambaye wafu wake wamelala ndani yake. Karatasi huungua na mashahidi hununuliwa, lakini kaburi ni kaburi. Na Teresina alikuwa nalo. Mama yake, marehemu Keji, alizikwa kwenye kona ya kiwanja, chini ya tuta lililozungushiwa mawe ya mtoni. Kwa miaka yote waliyokuwa ukimbizini Uganda mvua ililinyeshea tuta lile, hata likabaki dogo la kurukwa na kuku.

Sasa hiyo kampuni yenye kreni. Huko duniani biashara ya zege la kiwandani imenawiri vibaya sana. Watu wanamimina ukuta, ngazi, hata choo kizima kwenye kalibu, wanapakia kwenye lori, wanakwenda kuunganisha ghorofa kama mtu anayeunganisha kitanda. Kampuni ilipofika Juba ilileta kalavati, ila kalavati inataka barabara. Ikaleta kuta, wenye majumba wakasema njooni kesho. Basi wakubwa wa kampuni wakatulia, wakatazama mji huu unagombania nini hasa, wakachonga kalibu ya kaburi. Walai, biashara ikashika moto.

Kaburi likifika, marehemu yumo. Hilo halikumshtua mtu, maana kitu cha kiwandani huja kimekamilika. Jioni anatoka, anajipangusa vumbi la saruji, anakaa ukingoni na kuomba chai. Wote wana uso mmoja, na mshono wa kalibu unaoshuka kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Jirani mmoja, Malual, alinunua wawili, mmoja kila upande wa kiwanja, nao wakawa wanasalimiana kwa adabu kila magharibi.

Teresina alikwenda ofisini kwa kampuni. Kawira, dada wa Kimeru aliyesimamia mauzo, alimpa soda na pole nyingi za kweli kabisa. Akamweleza kwamba mzigo ukishashushwa haurudi, lakini asivunjike moyo, mwezi wa nane wanaleta na aina ya kina mama. Teresina akamwambia mama anaye tayari. Kawira akasema, kwa upole, kwamba yule ni wa udongo.

Kesi ikaenda kwa sultani, chifu wa eneo, mtu wa haki, aliyeketi kwenye kiti cha zege alichozawadiwa na kampuni. Sultani aliamua kwamba kwa kuwa kila upande una mfu wake, wafu wenyewe waseme. Walisimama kwenye tuta la Keji mpaka jua likazama. Keji hakusema neno. Alikuwa mtu wa maneno machache hata alipokuwa hai, na isitoshe alikuwa amekufa kweli, hilo ndilo lililomponza. Mzee wa zege wa Robinson akasema kwa ufasaha mkubwa, ila alipoulizwa kisima cha zamani kilikuwa wapi, akakwama. Kisima hakikumiminwa ndani yake. Sultani akaahirisha mpaka kesho.

Jioni ile mzee alifika kwenye jiko la chai la Teresina kando ya barabara, akaomba chai yenye sukari ya kutosha. Akauliza, taratibu, pale kiwanjani palikuwaje zamani. Miaka mingi hakuna mtu aliyemuuliza Teresina habari za mama yake, naye alidhani mtu akishaujua ukweli atausema. Kosa hilo. Alimweleza kisima, mwarobaini, jinsi Keji alivyokataa kukimbia vita, jinsi walivyochimba kaburi kwa majembe mafupi huku bunduki zinalia ng'ambo ya daraja. Mzee alilia. Machozi yake yalikuwa ya kijivu, na yaligandia shavuni.

Kesho yake mzee aliwapeleka sultani na watu wake moja kwa moja hadi kwenye kisima. Kisha akaja kwenye tuta, akaweka mkono juu yake, akasimulia vita na majembe mafupi, sauti ikimkatika.

"Huyu ni mke wangu, Keji," akasema.

Sultani akamuuliza Teresina kama habari za Keji ni za kweli. Akajibu kwamba ni za kweli. Sultani akampongeza kwa kumpata baba. Teresina akashika kilichobaki kushikwa.

"Kama yeye iko baba yangu, basi kiwanja iko yangu."

"Binti," sultani akasema, "mtoto ya kike harithi kwa baba yake. Anarithi kijana. Na kijana ni huyu aliyemleta mzee."

Robinson akamkumbatia Teresina, akamwita dada. Juma lile ukuta ulisimama, na tuta likasawazishwa kupisha jenereta.

Mwezi wa nane kreni ilirudi. Teresina, ambaye siku hizi anauza chai nje ya ukuta, aliitazama ikishusha. Jioni geti likafunguliwa, mzee akatoka na mama mmoja wa zege, mshono kwenye paji, mchangamfu, mwenye maneno mengi. Huyo mama akamwita Teresina kwa jina, akamuuliza kama amekula.

Teresina akamtengea kiti. Akammiminia chai bila sukari, kama Keji alivyoipenda, jambo pekee alilosahau kumwambia mzee.

Yule mama akaonja, akaomba sukari. Teresina akamwekea.