Waya Uliozunguka Dari

Tone la maji lilidondokea beseni, tup, kisha kimya, kisha tup. Katika giza la kabla ya alfajiri Mama Waya alilisikiliza, binti yake kamlalia kifuani. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la jioni, maana alikuwa akija na mtoto mgongoni na koleo mkobani. Leo wiki zake mbili za majaribio hospitalini zilikuwa zinakwisha. Ilibaki karatasi moja ya kutiwa sahihi: kwamba seva, kompyuta kuu ya hospitali, inayafikia makabati ya diski, zinakokaa faili za wagonjwa, kwa njia mbili zisizotegemeana. Akitia sahihi, anapewa barua ya ajira. Lakini tangu jana karatasi hiyo ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Chumba cha seva kilimpokea kwa harufu yake: mkojo wa panya, vumbi lililoungua, vikombe vya chai vilivyoota ukungu.

"Skrini inasema njia mbili, zote hai," alisema Mkuu wa kitengo, akijichokonoa meno. "Wewe nani ubishane na skrini?"

"Mkuu, skrini inahesabu nyaya. Haioni zinakopita."

"Ah, mama mtoto! Tia sahihi ukanyonyeshe."

Kile kijiti akakifuta kwenye suruali, akakirudisha kinywani. Mama Waya akageuza uso.

Mwalimu wake wa jioni hakuwa na maneno mengi. Usiamini taa, alikuwa akiwaambia; shika waya mpaka mwisho wake, kisha uchomoe kwa mkono wako mwenyewe uone. Basi akaweka ngazi, akajipenyeza darini, akaufuata waya wa pili kwa kupapasa. Mahali fulani vidole vilizama kwenye kitu laini, chenye majimaji na manyoya. Panya aliyeoza. Akaendelea kupapasa. Waya ulizunguka dari nzima kama mtu anayezuga kazini, ukateremkia ukuta uleule, ukachomekwa kwenye swichi ileile ya waya wa kwanza, kisanduku cha kugawia mtandao. Swichi moja ikizima, njia zote mbili zimekufa. Mwezi uliopita ilizima. Wodi ya watoto ikakaa saa tatu bila kujua nani kashapewa dozi na nani bado.

Alishuka, mkono kaunyoosha mbali na mwili wake.

"Swichi ya pili iko wapi, Mkuu? Kwenye hati ya kupokelea vifaa imo."

"Iliharibika."

Bibi wa usafi, aliyekuwa akikamua tambara mlangoni, akainua kichwa. "Ile yenye taa za kijani? Si iko ofisini kwako, baba, inakuletea mpira kwenye televisheni. Kila asubuhi naibandua chingamu zako."

Kweli ilikuwapo, chini ya meza, inanata, ina nywele na ganda la yai. Mama Waya aliitazama, na kilichomchukiza zaidi ya panya ni jinsi ilivyokuwa nzima. Akaichomoa.

"Wewe! Dakika ya themanini hiyo!"

"Ni marudio, Mkuu. Walifungwa."

Bibi wa usafi akazika kicheko ndani ya tambara.

Aliipangusa kwa spiriti, akaifunga upande wa pili wa chumba, kwenye umeme wake mwenyewe, akauchomeka waya wa pili humo. Kisha akapiga simu wodi ya watoto. "Dada, nataka kuizima swichi ya kwanza. Shikeni kalamu na karatasi, mambo yakienda mrama."

"Tumeshika," alijibu muuguzi. "Zima."

Akazima. Kwenye skrini njia moja ikageuka nyekundu.

"Dada?"

"Tunakungoja wewe. Utazima saa ngapi?"

"Nimeshazima."

"Basi huku hatujaona kitu. Faili zinafunguka tu."

Ndipo akaitia karatasi sahihi, taratibu, jina lake lote la vyeti, akaacha alama ya kidole kichafu pembeni. Mkuu aliipokea kwa ncha za kucha.

"Kazi umemaliza," alisema. "Ya barua sahau. Watu wenye makucha siwaajiri."

"Sawa, Mkuu. Siku ukiizima swichi moja, utakuta nyingine inafanya kazi."

Nyumbani alinawa kwa sabuni ya kufulia, akarudia, akasugua kucha kwa brashi ya viatu. Bomba likadondosha, tup. Binti yake akaja mbio, akamkumbatia magoti, kisha akaukamata mkono wa mama yake, akakifungua kiganja kama mtu afunguaye bahasha, akazamisha pua humo. Mama Waya alitaka kuurudisha mkono. Hakuurudisha.

"Mama," alisema mtoto, "mkono wako unanuka panya."