Herufi L Ndani ya Buti

Gene Nowicki alikuwa amelifufua gari la marehemu baba yao, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo, wala kuligusa gari lenyewe. Studebaker Commander ya mwaka 1955 ilisimama kwenye nyasi za uwanja wa maonyesho pale South Bend, iking'aa kuliko siku ilipotoka kiwandani. Kiwanda chenyewe, cha mji huo huo, kilikuwa kimekufa zaidi ya miaka thelathini, ila mji bado ulikuwa matangani, na kila kiangazi wafiwa walijipanga na vitambaa vyao vya kung'arishia.

Dada yake Lorraine alipewa ruhusa ya kusimama hatua mbili kutoka kwenye gari.

"Kaka, naomba nikae kiti cha nyuma. Dakika moja tu."

"Na sketi yenye vifungo vya chuma? Thubutu!"

Kiti cha nyuma! Hapo alilala kila Jumapili wakitoka kanisani, shavu kwenye kitambaa kilichonuka tumbaku ya baba na soseji za bibi. Gari hilo alilipenda kuliko mwanasesere wake, na kuliko Gene pia, ingawa hilo halikuwa kazi ngumu. Leo alikuja na haja moja: aone japo alama moja ya siku zile. Akachungulia. Mbonyeo alioupiga mlangoni kwa baiskeli, haupo. Harufu, haipo. Bwana mkubwa alikuwa amefuta kila kitu isipokuwa jina la ukoo.

"Na ile L ya kwenye buti?"

"Uchafu wako ule?" Gene akacheka. "Nimeusugua kabla ya kitu kingine chochote."

"Sikuandika mimi."

"Ahaa. Gari lilijiandika."

Wimbo ule ule, karibu miaka arobaini. Lorraine alikuwa na miaka saba mama alipokuta herufi L ya chaki ya njano chini ya kifuniko cha buti. Nani mwingine ana jina la L nyumba hii? Kesi ikaisha. Akanyimwa peremende mwezi mzima. Aliapa kwa watakatifu wote wa Kipolandi, akaambiwa ameongeza dhambi ya uongo. Baba yao Kaz, mkaguzi wa magari kiwandani, mtu wa haki eti, alijificha nyuma ya gazeti. Jioni akampeleka kula aiskrimu, bakuli mbili, bila kusema kwa nini.

Mwamuzi akafika: Mzee Chester Banas, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda, glavu nyeupe, karatasi ya alama mkononi. Chama chao kina sheria moja, gari liwe vilevile lilivyotoka kiwandani, mpaka alama za chaki za wafanyakazi. Akapapasa boneti, akanusa viti, Gene akazidi kuvimba. Mzee akafungua buti.

"Nani kaandika hii ishirini na tatu?"

"Alama ya mkaguzi, mzee. Kitabu cha kiwanda kinasema wakaguzi waliandika namba zao."

"Chaki mbichi hii. Kabla yake palikuwa na nini?"

Gene akafunua albamu ya picha za kabla ya ukarabati. "Hakuna kitu. Michoro ya dada yangu tu."

Mzee akasogeza picha karibu na macho. Akacheka mpaka akakohoa. "We kijana! Huu si mkono wa Kaz huu? Alitakiwa aandike namba. Tangu apate binti, kila gari alilolipitisha akaliandikia L. Tulimtania tukachoka. Akatubembeleza tusimtaje kwa msimamizi, angemfukuza."

"Baba!" Lorraine akasema, machozi yakimtoka. "Muoga mkubwa we! Mwezi mzima bila peremende!"

Mzee akamshika mkono, akampeleka kwenye gari la jirani, akafungua buti. L ya njano, imefifia. Gari la tatu, L nyingine. Magari ya watu wasiomjua yalikuwa yamebeba jina lake miaka yote hiyo. La baba yake mwenyewe tu ndilo lilikuwa safi, limesuguliwa na mtaalamu.

"Nakukata alama kumi," mzee akamwambia Gene.

Gene akakimbia kuazima chaki ya njano, akarudi akihema. "Lorraine, mdogo wangu, iandike basi. Haraka, mzee hajafunga karatasi ya alama."

"Mimi?" Lorraine akasema. "Mimi siandiki kwenye magari ya watu, kaka. Niliapa."

Akafungua mlango wa nyuma, akakaa kitini na vifungo vyake vyote.