Alama Nyekundu Mlimani

Kila mwaka mpima barafu alipopanda mlimani kupaka alama nyekundu kwenye mwamba, pale barafu ilipoishia mwaka huo, mkewe aliomba waongozane. Naye kila mwaka alimjibu, "Mwakani, mama watoto. Barafu haina miguu."

Alipostaafu ndipo akampeleka. Waliipita alama baada ya alama, zote kwenye miamba mikavu, mpaka magoti ya bibi wa watu yakagoma. Akaketi, akatazama juu kabisa, kulikobaki kipande cheupe kama leso iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

Mkewe akasugua magoti. Kisha akamuuliza taratibu, bila ugomvi, "Baba watoto, si wewe uliyekuwa ukiipima?"