Sifuri ya Sietske

Kisahani cha chuma kina uzito wa kilo tano, na Sietske alikuwa na sababu nzuri sana ya kukiacha garini: hakutaka kukibeba. Kazi yake kisahani hicho ni kukaa chini ya ubao wa namba wa kupimia usizame, na udongo wa Friesland, huko Uholanzi, kama ujuavyo, ni keki iliyokosa moto.

Leo ndio mtihani wake wa mwisho wa upimaji, baada ya kuanguka mara mbili. Alianza na kimo kinachojulikana cha alama ya shaba kwenye ukuta wa kanisa, akapima hadi lango jipya la mfereji, kando ya malisho ya Bibi Aukje, kisha akarudi. Ukirudi ulikoanzia, hesabu nayo irudi sifuri. Yake ilipotea kwa milimita thelathini na moja.

"Ubao ulikuwa unazama," alisema Jelmer, mwenzake aliyeushika. "Nilikwambia, dada."

"Uliniambia ukiwa na mkate mdomoni. Nilidhani unaomba siagi."

Jelmer alipokwenda kukojoa, Sietske akatoa raba. Katika daftari la vipimo hakuna kufuta: namba mbaya hupigwa mstari mmoja, isomeke hata na wajukuu. Yeye akafuta. 1.462 ikawa 1.431, na hesabu ikarudi nyumbani kama ng'ombe wa kukamuliwa.

Mwalimu Wiebren, msimamizi wa mtihani, akapokea daftari, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Sifuri! Miaka thelathini nakanyaga matope haya, sijapata sifuri. Bibi Aukje, njoo umwone huyu!"

Bibi akaja na chupa ya kahawa na keki yenye sukari ya waridi juu. "Kwa hiyo maji hayatapanda kwenye malisho yangu?"

"Kwa kipimo hiki? Lala usingizi. Wachimbaji nimeshawapigia, kesho wanaweka kizingiti cha lango kwa kimo hiki."

"Basi kipande cha kwanza ni chako, mwanangu."

Sietske akauma. Jelmer alikuwa anatazama viatu vyake kama mtu anayehesabu kamba.

"Mwalimu," akasema Sietske, mdomo umejaa. "Si sifuri. Ni thelathini na moja. Nimefuta."

Wiebren hakugomba, angegomba ingekuwa nafuu. Alitoa simu, akageukia mfereji.

"Ni mimi, Wiebren. Msiweke kile kizingiti. Kipimo kina kosa. Ndiyo... kosa langu, sikulikagua daftari. Chekeni tu."

Waliocheka kule walisikika hadi huku. Masikio ya Sietske yaliwaka moto.

"Ungenitaja mimi, Mwalimu."

"Wewe hawakujui," alisema, akimrudishia daftari na kalamu. "Andika."

Sietske akapiga mstari mmoja juu ya 1.431, akaandika 1.462 kando, na jina lake. Akapiga mstari juu ya sifuri. Bado ilisomeka, tena vizuri.

"Nimeanguka?"

"Mara ya tatu. Cheti tutakizungumza mwakani."

Alikwenda garini, akajitwika kisahani begani. Jelmer akanyoosha mkono kumsaidia.

"Acha," alisema Sietske. "Wewe beba ubao. Tunapima upya, kuanzia kanisani."

Nyuma yao Bibi Aukje alikuwa anakifunika kile kipande cha keki kilichoumwa.