Kopo Chini ya Mti wa Mpaka

Maliro alikuwa amekwisha kupita bariere ya pili ya askari, anasukuma baiskeli kwa sababu ya mpando mkali wa kilima, wakati kengele za parokia zilipoanza kuita watu kwa misa ya Kupaa. Yeye alikuwa wa Baptisti, kengele hazikumhusu. Askari walikuwa wamemzuia robo saa nzima. Walitaka kujua kile kidude shingoni mwake ni simu ya nani, na ni misioni gani hiyo ya siku ya konji, siku ya mapumziko. Akawaambia ukweli: kuna kopo limefichwa kilimani, anakwenda kulitafuta, basi. Wakaitana waje wasikie.

"Papa," mmoja akamwambia, "siye tunaficha vitu ju batu bakose kuviona. Nyiye munaficha ju baone?"

Wakamwachia kwa sigara mbili.

Ilikuwa mwaka 2002. Maliro alikuwa amejenga vyanzo vya maji kwa miaka kumi na moja, katika shirika moja la Butembo. Mkubwa mpya wa shirika, Mswisi kijana aliyeitwa Luc, alikuja na GPS mbili na mchezo wa kwao. Huko kwao, alieleza, mtu akiwa na konji anaficha kopo porini na daftari ndani, anatangaza namba za mahali, na wengine wanafuata namba hizo na mashine mpaka walione, waandike majina yao. Muyisa, fundi mwenzake Maliro, aliuliza kama huko watu hawana mashamba.

Lakini haikuwa mchezo mtupu. Pesa ya shirika ilibaki ya fundi mmoja tu, wa kupima vyanzo vyote kwa GPS. Wiki tatu kabla ya Kupaa Luc alizika makopo mawili: la Muyisa upande wa barabara ya Beni, la Maliro kwenye kilima cha Kasima, njia ya Kyondo. Kesho ya Kupaa, saa mbili, daftari liwe juu ya meza. Akilileta mmoja, huyo anabaki. Wakileta wote wawili, anabaki wa kwanza. Maliro alikuwa na miaka hamsini na mmoja na watoto sita. Asubuhi ile mke wake Rébecca alimfungia viazi kwa jani la mgomba, akasema neno moja tu: asirudi bila hilo daftari.

Chini ya Kasima alipumzika kwenye chanzo alichokijenga mwenyewe. Mama Débora, mjane mwenye shamba pale juu, alikuwa anajaza bido lake la maji. Wakaamkiana, na kabla bido haijajaa mama alikuwa amekwisha kumwaga yote ya moyoni. Jirani yake Ésaïe amesogeza mpaka. Mti wa mpaka umehama hatua nzima kuingia shambani kwake, sasa ni wiki tatu. Ésaïe anaapa si yeye, anasema mjane ameusogeza mwenyewe apate sababu ya kumchongea. Hawasalimiani tena. Mtoto wa mjane, Kitsa, aliye msituni na wapiganaji, amesikia. Ametuma neno kwamba atakuja Jumapili na wenzake wawili.

"Atakuja kuuliza tu?" Maliro akasema.

"Mutoto akishashika bunduki, papa, hapana uliza tena na kinywa."

Maliro akampa pole, akapanda.

GPS ilimpeleka vizuri mpaka juu, kisha ikaanza kuyumba kama mlevi: mita kumi na mbili, nane, kumi na tano. Akaiachia ining'inie, akatumia macho ya fundi wa maji, anayejua udongo uliochimbwa na uliolala. Kati ya maharagwe ya pande mbili ulisimama mti wa mpaka, ule wa majani marefu membamba usiokufa hata ukikatwa na kuchomekwa mahali pengine. Hatua moja kutoka hapo udongo ulikuwa umedidimia. Akachimba kwa panga. Kopo la plastiki, kifuniko chekundu. Ndani daftari, kalamu, na kang'ombe ka plastiki kenye kengele shingoni.

Akafurahi. Akaandika jina lake na saa: tano na dakika kumi. Alipotaka kufukia shimo akaona chini yake makaa.

Mtoto wa Bunande, nchi ya Wanande, haelezwi makaa yale ni nini. Wazee wakigawa shamba wanayaweka chini ya mti wa mpaka, kwa kuwa mti unaweza kung'olewa, makaa yanabaki chini. Akautazama ule mti, hatua moja ndani ya shamba la mjane, mizizi yake ingali juu juu. Ikawa wazi. Luc alitafuta alama nzuri, akaona mti, akaung'oa, akazika kopo lake, kisha akauchomeka kando usije ukavunja kifuniko. Pengine alijisifu hata kwamba hakuuacha ukauke.

Kilima kilikuwa kitupu. Angetia daftari mfukoni, saa kumi awe nyumbani. Aliwaza pia kuurudisha mti yeye mwenyewe, kimya kimya. Lakini mti ukihama mara ya pili bila mashahidi, hapo ndipo watu watauana kabisa. Aliketi, akala kiazi kimoja. Kisha akateremka kumwita Débora, akamwomba atume watu kwa Ésaïe na kwa kapita, mkubwa wa kilima, Mzee Vagheni.

Kapita alikuja na koti la misa. Ésaïe alisimama mbali, akasema hiyo ni dawa ya uchawi, yeye hasogei. Débora naye hakusogea. Vagheni akafungua kopo kwa ncha ya fimbo, na Maliro akaeleza yote toka mwanzo, pamoja na jina la mkubwa wake.

Ésaïe alikuwa wa kwanza kufungua kinywa. "Mutu na masomo yake yote anazika ngombe ya plastiki mu shamba ya mujane?"

Hata Débora alicheka, bila kumtazama. Kapita akataka kujua kama ile mashine inaweza kusema mti ulisimama wapi. Maliro akajibu inakosea hatua kumi. Débora akasema basi ikae mbali, hatua moja tu imetosha. Makaa ndiyo yaliyoamua. Ésaïe alileta jembe, yeye na mjane wakaushika mti kwa mikono minne, ukarudi mahali pake.

Maliro aliposhika daftari, kapita akaweka fimbo juu yake. Kopo ni shahidi. Litakaa kwake mpaka Kitsa aone, kisha mwenye kulizika aje kulidai yeye mwenyewe. Maliro akaomba ukurasa mmoja tu, ule wa jina lake. Akawaambia kazi yake iko pale.

"Papa Maliro," Débora akasema, "ukibeba hiyo kitu, siku ya Mungu nitaonyesha mutoto nini? Makaa? Makaa iko mu kila jiko."

Maliro akaliacha daftari.

Kesho yake alipofika bureau ya shirika, daftari la Muyisa lilikuwa juu ya meza toka saa moja na nusu. Luc alisikiliza hadithi nzima, akawa mwekundu, akaomba radhi mara nyingi. Lakini neno lake kwa Muyisa alikuwa amekwisha kulitoa.

Kitsa alikuja Jumapili. Alifungua kopo mwenyewe, akala, akalala usiku mmoja, akarudi msituni. Aliuawa mwezi wa nane, karibu na Beni. Luc alikwenda Kasima Jumatatu, akarudi na kopo na kuku aliyepewa. Mwaka uliofuata aliondoka Kongo. Muyisa alipima vyanzo miaka miwili mpaka shirika likafunga, sasa anauza saruji Butembo. Débora alikufa 2009. Binti yake Gracieuse amemwachia Ésaïe alime upande ule pia, wanagawana maharagwe. Maliro mwenyewe aliondolewa kazini mwisho wa mwezi ule wa Kupaa. Rébecca hakumsemesha wiki mbili. Watoto wawili waliacha masomo, mmoja akarudi. Maliro alikwenda Kasugho kujengea kanisa vyanzo kwa malipo ya mihogo na mafuta, akabaki huko mpaka magoti yakakataa.