Barazani kwa Bwana Kanuni

Siku hiyo nilishinda na hasira tangu asubuhi. Wakala wetu, Bwana Mwinjaka, alikuja na habari kwamba ile nchi tuliyokusudia kuhamia imebadilisha masharti ya viza za wafanyabiashara. Zamani ilitosha kuonyesha kwamba una biashara na unajua kuiendesha. Sasa wanataka mtaji uwe umeshaingia kwao, ndipo wakutazame kama unafaa. Kwa hiyo niliuze tanuri langu la mikate hapa Tanga leo leo, mnunuzi anakuja baada ya alasiri. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Mzee Shekue," aliniambia, naye mwenyewe amesimama wima kama mlingoti. Mke wangu Zuwena alikuwa ameshafunga mabegi, maana binti yetu Nargisi yuko huko, amejifungua, na mjukuu wetu tumemwona kwenye simu tu. Nikala wali bila kuisikia ladha yake, nikajilaza ghalani katikati ya viroba vya unga, na usingizi ukanichukua na hasira zangu.

Nikajiona natembea katika nchi yenye barabara safi, safi ya kutia wasiwasi, nimebeba tanuri langu mgongoni na moto wake haujazimika. Akanitokea mwanamume mwenye kanzu iliyopigwa pasi barabara, akanikumbatia kama ndugu aliyepotea. "Mimi ni Ahadi," alisema, "tumekungoja siku nyingi." Nyuma yake alikuja mwanamke mfupi aliyekunja uso, ananusa hewa kana kwamba kuna kitu kimeoza. "Huyo ni Shaka," Ahadi akaniambia. "Usimsikilize, kazi yake kuharibu harusi za watu." Yule mwanamke sikumpenda. Lakini na huyu bwana, mtu asiyenijua, kwa nini anikumbatie kwa nguvu vile? Nikatembea katikati yao, kila mmoja namtazama kwa jicho la pembeni.

Tukafika kwenye nyumba kubwa nyeupe iliyozungukwa na baraza ndefu ya mawe. Watu walijaa pale na mali zao: seremala na randa zake, mfuga nyuki na mizinga yake, mwanamke amepakata cherehani. Wote walikuwa wanakunywa kahawa kwa halua, na nyuso zao zimetulia. Mwenye kuusimamia mlango alikuwa Bwana Kanuni, mtu mrefu asiyepepesa macho, na pembeni yake mafundi wenye nyundo. Kila mtu alipoinuka kuuendea mlango, mafundi waliung'oa na kuutia kwenye ukuta mwingine, na kila ulipohama ulizidi kuwa mwembamba. "Jana ulikuwa kusini," yule mwanamke wa cherehani aliniambia huku anacheka. "Huenda kesho ukaja huku kwangu. Pazuri hapa, baba, kahawa haikatiki." Nikamuuliza amekaa tangu lini. "Tangu mwanangu ananyonya," akasema. "Sasa ana ndevu."

"Tua tanuri lako," Kanuni akaniamuru. "Likishapoa tutalipima kama linapita mlangoni."

"Na likipoa, kisha lisipite?"

"Masharti yatakuwa yameshabadilika. Huenda yakawa mazuri zaidi."

Ahadi akanipigapiga begani. Nami, nasema kweli, nilianza kulegeza kamba, kwa sababu ndani ya nyumba ile nilisikia mtoto analia, na kilio kile nilikijua. Nilikuwa nakisikia kila Ijumaa kwenye simu ya Zuwena. Moyo uliniuma mpaka nikasahau uzito wa mzigo.

Hapo Shaka akanishika mkono. "Shekue, kwenu mgeni wa barazani hupewa nini?"

"Kahawa na maneno mazuri."

"Akishapewa, ameingia nyumbani?"

"Hajaingia. Barazani hata mpita njia hukaa. Anayeingia hupiga hodi, na mwenyewe humwitikia karibu."

"Nani hapa amekuitikia karibu?"

Nikaona haya, mtu mzima mimi. Nimefika kwa watu, nimeanza kutua mizigo kama mwenye nyumba, na hodi sijapiga! Nikapaza sauti: "Hodi! Hodi wenyewe! Hodi!" Ahadi akainamia viatu vyake. Hodi ya tatu isipojibiwa adabu inataka ugeuke, hilo tulifundishwa sote utotoni. Sikusikia jibu ila sauti ya Kanuni, akiwaambia watumishi: "Mpeni kahawa."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Shaka akasema, "lakini wewe ulitaka kujifunga mwenyewe." Nikaikaza kamba ya tanuri langu, nikageuka, na kile kilio kikanifuata njiani mpaka nikaamka nimelowa jasho.

Zuwena alikuwa mlangoni ananiita: Mwinjaka na mnunuzi wamefika. Nikakaa kitako juu ya unga uliomwagika, na maana ikaniingia polepole. Miezi yote ile, wa kule hakuna aliyeniambia njoo. Aliyeniambia ni Mwinjaka. Nikatoka nikamuuliza mbele ya mgeni wake, "Nikiuza leo, wakabadilisha tena kesho, mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mwekezaji, mzee."

"Wa wapi?"

Akatoa simu yake akaanza kuichezea. Nikamwambia siuzi. Alikasirika, akanitajia nafasi ninayoipoteza, kisha akaondoka na mtu wake bila kuaga.

Zuwena alikuwa amesikia yote. "Na Nargisi, Baba Nargisi?" aliuliza.

"Tutaomba viza ya matembezi. Tutakwenda kumwona mtoto."

"Nimpakate, anizoee, halafu nimrudishe kwa mama yake nipande ndege?"

Nilitaka kumdanganya, na uongo mzuri nilikuwa nao tayari. Nikamwambia, "Ndiyo, Mama Nargisi. Hivyo hivyo."

Akaingia ndani kufungua mabegi.