Cherehani Iliposimama

Subira haivuti heri. Yangu ilivuta vumbi tu, juu ya daftari lililokaa mezani miezi saba likiwa na sentensi moja: "Mama yangu alikuwa fundi cherehani." Kila jioni niliikata, kisha nikaiandika tena vilevile. Mhariri wa kitabu cha hadithi za waandishi mbalimbali alikuwa ameshanisogezea tarehe mara mbili. Safari hii alisema Ijumaa, na asipoiona hadithi, nafasi yangu kitabuni anapewa mwingine.

Si kwamba sikuwa na maneno. Diploma ninayo, na Kiswahili changu hakiombi chumvi kwa jirani. Nilichokosa ni sikio. Tangu utotoni nilimsomea mama akishona. Hakusifu, hakukosoa. Miguu yake ikiendelea kukanyaga pedali, nilijua nimeandika maji matupu. Cherehani ikisimama, nimepata. Hapo aligeuka, pini mdomoni, akasema, "Rudia hapo."

Tangu tumzike, hakuna aliyeniambia nirudie.

Alhamisi nikaenda kwa mama mdogo, aliyerithi cherehani na wateja. Nikamwomba ashone, mimi niandike palepale na kumsomea. Akanitazama juu ya miwani.

"Shule yote ile, na bado unataka kelele za pedali?"

Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akavuta sketi ya sare ya shule, akaanza.

Nikakaa juu ya furushi la vitambaa, mahali pangu pa zamani. Mlio ulikuwa uleule. Nikiwa nimeinamisha kichwa, niliweza kuamini kwamba nikiinua macho nitauona mgongo wa mama, na kanda ya kupimia shingoni. Sikuinua. Nikaandika, nikasoma, nikaandika tena. Mama mdogo alimaliza sketi, akashika nyingine, miguu haijali.

Ndipo kalamu ikafika mahali nilipokuwa nimepazunguka miezi saba. Nikasoma: "Mama hakujua kusoma. Vipimo alivifunga mafundo kwenye uzi, kila mteja na uzi wake, na wateja wakadhani ni siri ya ufundi."

Cherehani ikasimama.

Nilingoja niambiwe nirudie. Mama mdogo hakugeuka.

"Hiyo futa," alisema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Dada yangu alilificha hilo hadi kaburini. Wewe unakuja kulianika kama nguo? Niombe radhi. Na yeye mwombe."

Ningetoa kitabu chote nimsikie mama mwenyewe akikataa, au akikubali. Lakini mkono wa mama mdogo ulikuwa bado juu ya gurudumu, umelibana, na sketi imeishia nusu ya mshono.

Nikarudia hapo. Kwa sauti, polepole, hadi fundo la mwisho. Kisha nikafunga daftari.

"Kesho naipeleka hivyohivyo, mama mdogo. Radhi siombi."